Uvimbe Kupungua Si Ugonjwa Kupona

Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo, kwa kulitazama juu juu, laweza kudhaniwa kuwa ni la mabingwa wa hospitali peke yao. Jambo lenyewe ni ugonjwa wa saratani, na hasa swali moja ambalo limewashughulisha wataalamu wa dunia kwa miaka thelathini na zaidi: kwa nini saratani iliyokwisha kutibiwa, ikapungua, hata ikaonekana kama imetoweka, hurudi tena? Jibu mojawapo walilolipata ni kwamba ndani ya saratani nyingi zimo seli chache zilizo kama shina, na kwamba dawa zetu mara nyingi hukata matawi na kuliacha shina likiwa hai.

Mimi si daktari. Ni mwandishi wa habari, na kazi ya mwandishi ni kuyachukua maarifa yaliyofungiwa katika vitabu vya wataalamu na kuyaleta mbele ya wananchi kwa lugha yao wenyewe. Kwa hiyo nitayaeleza mambo haya kama mwananchi anavyowaeleza wananchi wenzake, nikitaja yale tu yaliyokwisha kuthibitishwa, na kuonyesha mpaka wa uthibitisho huo mahali ulipo.

Tangu siku za Uhuru Taifa letu limewataja maadui wake watatu kwa majina yao: ujinga, maradhi na umaskini. Katika saratani maadui hao watatu hukutana mahali pamoja. Maradhi yenyewe ni makali. Ujinga humchelewesha mgonjwa asifike hospitali mapema. Na umaskini humrudisha nyumbani kabla ya tiba kwisha. Nchi yetu ina sababu ya kuukumbuka ugonjwa huu kwa majonzi, kwani Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, alifariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba, 1999, kwa saratani ya damu. Lakini majonzi peke yake hayatoshi. Yatupasa pia tuelewe.

SHINA KATIKA MWILI WENYE AFYA

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Seli hizi hazidumu. Seli nyekundu ya damu, kwa mfano, huishi kwa muda wa siku 120 hivi, kisha hufa na mahali pake kuchukuliwa na nyingine. Wataalamu wamekadiria kwamba mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu zipatazo milioni mbili katika kila sekunde moja. Zatoka wapi zote hizo?

Mwaka 1961 wanasayansi wawili wa mjini Toronto, nchini Kanada, James Till na Ernest McCulloch, walitoa ushahidi wa kwanza ulio wazi. Waliwachukua panya ambao uboho wa mifupa yao ulikuwa umeuawa kwa mionzi, wakawatia seli za uboho kutoka kwa panya wenye afya. Baada ya siku kumi hivi, vinundu vidogo viliota katika bandama za panya wale, na ndani ya vinundu hivyo mlikuwa na seli za damu za aina mbalimbali. Mwaka 1963 ikathibitishwa kwamba kinundu kizima kilitokana na seli moja tu.

Seli ya namna hiyo ndiyo iitwayo seli shina. Ina sifa mbili. Kwanza, huweza kujizaa yenyewe. Yaani ikigawanyika hubakiza nyingine iliyo shina vile vile. Pili, huzaa seli za kazi, ambazo hukomaa, hutimiza wajibu wake na kufa. Seli za kazi ni nyingi mno. Seli shina ni chache, nazo kwa kawaida hutulia tuli, zikigawanyika mara moja moja tu pale mwili unapohitaji. Laiti zingekuwa zinafanya kazi mfululizo kama watoto wao, zingechakaa upesi, na mwili ungekosa akiba.

TIBA TULIYOIZOEA

Saratani ni uasi wa seli. Seli iliyoharibika katika maagizo yake ya ndani huanza kuzaana bila kufuata utaratibu wa mwili, ikawanyima majirani zake nafasi na chakula, na mwishowe ikasafiri na kuanzisha makazi mapya mbali na ilipozaliwa.

Silaha za kupambana na uasi huo zimekuwa ni upasuaji, mionzi na dawa. Dawa nyingi za zamani zilibuniwa ili kuua seli zinazogawanyika upesi. Ndiyo maana mgonjwa aliye katika tiba hunyonyoka nywele, huumwa tumbo na kupungukiwa damu, kwa kuwa seli za nywele, za utumbo na za uboho nazo hugawanyika upesi. Dawa hizi zimeokoa maisha ya watu wengi, wala asitokee mtu wa kuzibeza. Ile saratani ya taya za watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, alipokuwa daktari wa upasuaji mjini Kampala, ni miongoni mwa zile zinazoweza kuponywa kabisa kwa dawa za namna hiyo.

Hata hivyo, kwa saratani nyingine nyingi mambo hayakwenda hivyo. Mgonjwa alipewa dawa, uvimbe ukapungua kwa nusu, ukapungua kwa robo tatu, madaktari na ndugu wakafurahi. Kisha baada ya miezi au miaka uvimbe ukarudi, na safari hii dawa ile ile haikuufanya kitu. Kipimo cha ushindi kilikuwa ni ukubwa wa uvimbe. Kumbe yawezekana kuua seli tisini na tisa katika kila mia, na hiyo moja iliyobaki ndiyo yenye uwezo wa kuuzaa ugonjwa upya.

USHAHIDI WA TORONTO

Fikira hiyo ilipata nguvu mwaka 1994, mjini Toronto kule kule. John Dick na wenzake walichukua seli za wagonjwa wa aina moja ya saratani kali ya damu, wakazitenga kwa alama za protini zilizo juu ya seli hizo, kisha wakazipandikiza katika panya wasio na kinga ya mwili. Kama seli zote za saratani zingekuwa sawa, kundi lo lote lingeweza kuotesha ugonjwa. Haikuwa hivyo. Ni kundi dogo tu lililoweza, na kwa hesabu yao ni kama seli moja katika kila seli 250,000. Mwaka 1997 Dominique Bonnet na John Dick wakaonyesha kwamba seli hizo chache, zikihamishwa kutoka panya mmoja hadi mwingine, huujenga ugonjwa wote tena, pamoja na aina zote za seli zilizokuwamo kwa mgonjwa wa kwanza. Saratani ile ilikuwa na ukoo wake, kama damu yenye afya ilivyo na ukoo wake.

Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipata jambo kama hilo katika saratani ya matiti. Seli mia moja tu za kundi lenye alama fulani ziliotesha uvimbe katika panya, na makumi ya maelfu ya seli za makundi mengine hazikuotesha kitu. Mwaka 2004 watafiti wa Toronto wakaleta habari ya namna hiyo hiyo kuhusu saratani ya ubongo.

Ndugu zangu, hapa sisi tunaojua jembe hatuhitaji mfano wa kuagiza kutoka ng'ambo. Mkulima ye yote aliyepata kulima shamba lenye ndago anafahamu kwamba kufyeka majani yake si kuyamaliza. Shamba litaonekana safi kwa wiki moja, na mvua ikinyesha ndago hurudi, kwa sababu vijiazi vyake viko chini ya udongo na panga halikuvifikia. Anayeupima ushindi kwa usafi wa uso wa shamba hujidanganya. Kipimo cha kweli ni kile kilichobaki ardhini.

Kwa nini basi panga haliwafikii hao walio chini? Wataalamu wametaja sababu kadhaa. Seli shina nyingi za saratani hutulia bila kugawanyika, na dawa inayotafuta seli zinazogawanyika huzipita. Nyingine zina protini kama pampu juu ya ngozi zake, ambazo huisukuma dawa nje kabla haijaleta madhara. Nyingine ni hodari wa kukarabati maagizo yake ya ndani yanapoharibiwa na mionzi. Aidha, baadhi yake hujificha katika maskani maalumu, kama vile ndani ya uboho wa mifupa, ambako seli za jirani huzilinda na kuzilisha.

MAMBO MAWILI YALIYOTHIBITIKA KWA WAGONJWA

Msikilizaji aweza kuuliza: haya ya panya yamemfaa nini mgonjwa? Nitataja magonjwa mawili ya damu ambayo habari zake zinajulikana vizuri.

La kwanza ni saratani sugu ya damu inayotokana na kasoro moja tu ya kromosomu. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wa mjini Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa hao. Mwaka 1973 Janet Rowley, wa Chicago, akagundua kwamba vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali. Ubadilishanaji huo huzaa protini ambayo huiamuru seli kuzaana bila kikomo. Ikatafutwa dawa ya kuizima protini hiyo, nayo ni imatinibu, iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 2001 na kujulikana sana kwa jina la Glivec. Ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika muda wa miaka michache ukawa ugonjwa ambao mtu huishi nao, akifanya kazi na kulea watoto wake, kwa kumeza vidonge kila siku.

Lakini je, shina limekufa? Mwaka 2010 madaktari wa Ufaransa walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwasimamishia dawa wagonjwa mia moja ambao kwa muda wa miaka miwili au zaidi vipimo vyao havikuonyesha alama yo yote ya ugonjwa. Katika wale 69 waliokuwa wamefuatiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi, ugonjwa ulirejea kwa 42, na karibu wote hao ulirejea katika miezi sita ya kwanza. Waliporudishiwa dawa walipata nafuu tena. Maana yake ni wazi: vipimo vilisema hakuna kitu, kumbe chini kulikuwa na vijiazi. Wakati huo huo tusiwasahau wale ambao ugonjwa haukurejea. Hao wanatupa tumaini kwamba shina laweza ama kufa ama kudhibitiwa na kinga ya mwili, na siku hizi baadhi ya wagonjwa huachishwa dawa, ila kwa masharti magumu na kwa kupimwa mara kwa mara chini ya uangalizi wa daktari.

Ugonjwa wa pili ni aina nyingine ya saratani kali ya damu, ambayo zamani ilimwua mgonjwa kwa kumtoa damu katika muda wa siku au wiki chache. Ufumbuzi wake ulitoka China. Mjini Shanghai daktari Wang Zhenyi hakutaka kuziua seli zile kwa sumu, alitaka zikomae. Alitumia dawa yenye nasaba na vitamini A, iitwayo asidi ya retinoiki, na mwaka 1985 alimtibu kwayo mtoto wa kike wa miaka mitano, akapona. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 24, ambao 23 kati yao walipata nafuu kamili kwa dawa hiyo peke yake. Seli zilizokuwa zimekataa kukua zilikua, zikafanya kazi yake, zikafa kama seli nyingine.

Hata hivyo, wengi wa waliotibiwa kwa dawa hiyo pekee waliugua tena. Ndipo ikaongezwa silaha ya pili, aseniki, ambayo madaktari wa mji wa Harbin walikuwa wameitumia tangu miaka ya 1970, wakianzia katika dawa za jadi za nchi yao. Utafiti umeonyesha kwamba dawa hizo mbili zikiungana huivunja protini yenye kasoro inayouendesha ugonjwa, na katika panya huzimaliza seli zenye uwezo wa kuuzaa upya. Mwaka 2013 wataalamu wa Italia na Ujerumani walitoa matokeo ya kuzitumia pamoja kwa wagonjwa ambao hali yao haikuwa mbaya sana tangu mwanzo: baada ya miaka miwili, 97 katika kila mia walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Hapa shina lenyewe lilifikiwa, na ugonjwa uliokuwa wa kutisha kuliko yote ya jamii yake ukawa mmojawapo wa ile inayopona kwa urahisi zaidi.

MPAKA WA MAARIFA HAYA

Ndugu Mwenyekiti, mtu mwaminifu hana budi kuonyesha pia upande wa pili. Nadharia ya seli shina haikuthibitika kwa saratani zote kwa kiasi kimoja. Mwaka 2008 watafiti wa Michigan waliichunguza aina kali ya saratani ya ngozi. Walipotumia panya walionyimwa kinga zaidi kuliko wale wa zamani, waliona kwamba zaidi ya robo ya seli zote za saratani hiyo, hata ikipandikizwa moja moja, zaweza kuotesha uvimbe. Hapo shina halikuwa jambo la nadra tena. Tukirudi shambani, tutasema kwamba saratani nyingine si kama ndago. Ni kama muhogo, ambao kila pingili ya mti wake ikiangukia udongo wenye unyevu huchipua.

Mwaka 2017 likaongezeka jambo jingine. Katika saratani ya utumbo mpana, watafiti waliziua kwa makusudi seli shina zilizokuwa zikijulikana kwa alama yake. Uvimbe ulisimama kukua au ukapungua. Mauaji hayo yalipokoma, seli nyingine ambazo hazikuwa shina ziligeuka zikawa shina, na uvimbe ukaanza kukua tena. Jani la ndago haligeuki kuwa kiazi, bali seli ya saratani yaweza kugeuka. Kwa hiyo kuliua shina peke yake hakutoshi, kama vile kuua matawi peke yake kusivyotosha. Dawa kadhaa zilizobuniwa mahsusi kwa ajili ya seli shina zimeshindwa katika majaribio ya wagonjwa, na tiba inayotumainiwa leo ni ile inayounganisha silaha mbalimbali, zikipiga shina na matawi kwa pamoja.

Kwa maneno mengine, sayansi haijatuletea muujiza. Imetuletea kipimo kilicho bora zaidi. Tiba haipimwi kwa jinsi uvimbe unavyopungua mwezi huu. Hupimwa kwa iwapo ugonjwa utarudi mwaka ujao na mwaka wa kumi.

WAJIBU WETU

Sasa nageukia mambo yanayotuhusu sisi tulio hapa. Naona wajibu wa namna tatu.

Wajibu wa kwanza ni kumsaidia mgonjwa amalize tiba. Katika jamii yetu mgonjwa huacha dawa siku anapojisikia vizuri. Ameona uvimbe umepungua, nauli ya kurudi hospitali ni ghali, mvua zimeanza na shamba linamngoja. Basi hukata shauri kwamba amepona. Yale niliyoyasema yaonyesha kwamba hiyo ndiyo saa ya hatari, kwa kuwa matawi yamekatwa na shina lingali hai. Mwaka 2010 madaktari wa London walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 87 wanaotumia imatinibu. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao walikuwa na matumaini ya asilimia 94 ya kuushusha ugonjwa hadi kiwango cha chini sana katika muda wa miaka sita. Waliomeza asilimia 90 au chini yake, matumaini yao yalikuwa asilimia 28. Tofauti kubwa kiasi hicho ilitokana na vidonge vichache tu kwa mwezi.

Hapa siwezi kumlaumu mgonjwa peke yake, maana dawa isipokuwapo dirishani hawezi kuimeza. Miongoni mwenu wamo wanaoandika maombi ya dawa, wanaoidhinisha fedha, wanaopanga magari ya kusafirisha. Faili linalolala mezani kwa wiki tatu ni wiki tatu za mgonjwa kukaa bila dawa, na shina halina subira ya ofisi. Wamo pia walimu wakuu na wakuu wa idara ambao huombwa ruhusa na mtumishi anayekwenda kliniki kila mwezi. Ruhusa hiyo si hisani. Ni sehemu ya tiba. Mtumishi anayelazimika kuchagua kati ya kliniki na kazi yake mara nyingi atachagua kazi, na sisi ndio tutakaomzika.

Zaidi ya hayo liko jambo la haki. Dawa iliyogunduliwa haina faida kwa mtu asiyeweza kuinunua. Novartis, kampuni ya Uswisi yenye Glivec, ilidai nchini India hataza ambayo ingewazuia wengine kuitengeneza. Tarehe 1 Aprili, 2013, Mahakama ya Juu ya India ililikataa dai hilo. Wakati huo dozi ya mwezi mmoja ya kampuni hiyo ilitajwa kuwa yapata dola 2,600, na ile iliyotengenezwa na viwanda vya India ilikuwa chini ya dola 200. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza imatinibu, pamoja na ile asidi ya retinoiki, katika orodha yake ya dawa muhimu. Nchi maskini zikishikamana zaweza kupata tiba iliyo bora. Zikikaa kimya zitauziwa kwa bei ya matajiri.

Wajibu wa pili ni kuwakinga wananchi na walaghai. Jina hili la seli shina limekwisha kuingia sokoni. Ziko poda na vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo kama tiba ya kila maradhi, saratani ikiwamo, na wanaovinunua ni watu walio katika dhiki. Yafaa tutofautishe. Kupandikiza uboho ni tiba ya kweli, yenye taratibu zake na hatari zake, nayo hufanywa na wataalamu hospitalini. Hapa kwetu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kazi hiyo mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Lakini hakuna poda ya kukoroga katika chai iliyothibitishwa kuwa hutibu saratani kwa njia ya seli shina. Mwalimu akiulizwa na mzazi kijijini, na aseme hivyo bila kutafuna maneno. Kila mwezi anaoupoteza mgonjwa kwa poda ni mwezi anaoupata adui.

Wajibu wa tatu ni kuwahi. Seli ya kwanza ya uasi ikizuiwa isizaliwe, hatutakuwa na shina la kutafuta. Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo huwashambulia wanawake wetu kuliko saratani nyingine zote, huletwa na virusi ambavyo chanjo yake imetolewa kwa wasichana nchini kote tangu mwaka 2018. Chanjo hiyo hutolewa shuleni pia, na neno la mwalimu kwa mzazi mwenye wasiwasi lina uzito kuliko tangazo lo lote. Kadhalika mwenye dalili na aende mapema. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, na hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, nazo hutibu ugonjwa huu. Saratani iliyo changa ina matawi machache, na shina lake halijapata kusambaa.

Ndugu zangu, wazee waliomo humu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Viongozi wengi wa vikundi vile hawakuwa madaktari. Miongoni mwao walikuwamo walimu na watumishi kama ninyi, waliokubali kujifunza jambo jioni ya leo na kulifundisha kesho. Adui wa wakati ule alikuwa malaria na kuhara. Saratani ni adui wa namna nyingine, hafukuzwi kwa jembe na koleo, lakini sehemu kubwa ya vita vyake ingali ni elimu: kujua kwamba ugonjwa wazuilika, kwamba wa mapema watibika, na kwamba aliyeanza tiba hana budi kuimaliza.

Ninawaomba jambo moja mtakaporudi vituoni mwenu. Mkimwona jirani, mwanafunzi au mtumishi mwenzenu aliyetoka hospitali akisema uvimbe umepungua na dawa ameziacha, msimpongeze kwanza. Mwulizeni tarehe yake ya kurudi kliniki ni lini, na kama hana nauli, changeni.